Nilimwaga mboga ya mama mkwe, sasa anataka kurudi Kongwa

Shikamoo Mama.

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujaniweka kwenye kundi la wakazamwana wakorofi. Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na ofisi. Nimekulia Temeke, na huko mboga ilikuwa kitu cha kununua kwa fungu jioni ukishuka kwenye daladala. Mume wangu ni Mgogo wa Kongwa. Tumejenga Nzuguni na tunaishi na mama yake, ingawa kila mvua zikikaribia yeye hurudi kijijini kulima mtama na karanga zake, na mazao yakishaingia ndani anakuja tena kwetu.

Baada ya kuhamia kwenye nyumba yetu nikapata hamu ya bustani. Nilienda kwenye mabanda ya Nane Nane, nikatoka na pakiti ya mbegu za matango na maelekezo mengi kichwani. Nikajaza udongo na samadi ya mbuzi kwenye viroba, nikavipanga nyuma ya nyumba, nikasimamisha miti na kufunga kamba ili matango yatambae.

Pembeni ya matango nikaotesha rubabu. Pengine huijui, maana hata mimi sikuijua. Ni mmea wa nchi za baridi, una majani mapana sana na vikonyo vinene vyekundu. Vikonyo ni vichachu, hupikwa kwa sukari vikawa kitindamlo. Majani ni sumu, hayaliwi.

Sababu ya kuipanda ni mume wangu. Alisoma Leeds, Uingereza, na mama mwenye nyumba wake alikuwa akipika rubabu na kuimwagia kastadi. Tangu mkataba wake wa kazi uliposhindwa kuongezwa amekuwa mtu wa kimya, anakaa na simu hadi usiku. Jioni moja mtoto wetu mkubwa alimuuliza habari za Ulaya, akasimulia hiyo rubabu mpaka akacheka peke yake. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Nikamwomba rafiki yangu anayeishi huko aniletee mbegu akija likizo. Mume wangu sikumwambia, nilitaka siku moja aikute mezani.

Mama hakuipenda bustani tangu mwanzo. Maji kwetu huja kwa zamu, tunakinga kwenye tenki la lita 1,000, na likiisha kabla ya zamu tunanunua kwa madumu. "Mnanunua maji mkamwagie majani," ndivyo anavyosema kila nikishika ndoo. Matango nayo yakamsaidia kunisema. Maua ya kwanza yote yalipukutika. Yalipokuja kuzaa, joto lilipoanza, yakawa machungu kupindukia. Mama alionja kipande, akatema, akasema hata mbuzi wake hawezi kula. Ila rubabu ilistawi. Niliiotesha mvua zilipokwisha, baridi ya Juni na Julai ikaipendeza, kufika Septemba majani yalikuwa yamejaa.

Jumamosi moja tulikuwa na wageni, kina mama wawili wa jumuiya. Mtoto akaja sebuleni: "Bibi anapika maua yako." Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa amekata majani ya rubabu, ameyachanganya na mlenda, ametia magadi, sufuria inachemka, na ugali umeshasongwa. Nikapiga kelele, "Hiyo ni sumu!" nikaikamata sufuria kwa kanga niliyojifunga, nikaenda kuimwaga yote nyuma ya nyumba. Wageni wanaona. Mama hakusema neno. Alifunika ugali wake, akaingia chumbani.

Tangu siku ile anapika kwenye jiko lake la mkaa uani, anakula peke yake. Salamu yangu anaitikia, basi. Amemwambia mwanawe kwamba safari hii akienda Kongwa harudi, anataka kuishi kwenye nyumba ambayo chakula hakimwagwi. Wifi yangu amenipigia simu, amenipa maneno. Mume wangu kasema mambo mawili tu: "Mama ni mama," na "Ng'oa hayo majani yaishe."

Mama, niliokoa watu. Na mtoto wa miaka mitatu alikuwa anasubiri sahani! Sasa mkosaji ni mimi? Niombe radhi kwa kuzuia watu wasile sumu? Na nikiing'oa rubabu, si nitakuwa nimekubali kwamba kila ninachopanda kwenye ile nyumba ni upuuzi? Nisaidie, mvua hazipo mbali.

Mkazamwana, Nzuguni

MAMA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na afya kwanza. Hukuandika kama kuna aliyeonja wakati wa kupika, na wapishi wote huonja. Nachukulia kwamba siku zimepita na wote ni wazima. Lakini ikitokea tena mtu akala majani hayo, akahisi mdomo na koo vinawaka, akatapika au tumbo likamkata, msisubiri, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo nakubaliana nawe moja kwa moja: sufuria ile haikupaswa kufika mezani. Majani ya rubabu yana asidi ya oksaliki nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Magadi tunayotia kwenye mlenda hayasaidii kitu, tena huifanya asidi hiyo iyeyuke kwa urahisi zaidi. Hapo huna kesi ya kujibu.

Ila barua yako haikuniuliza kuhusu asidi. Nikikusoma naona mwanamke anayetaka kumrudishia mumewe kicheko, anayetaka pia kipande kidogo cha ardhi ambacho hakuna mtu anamwelekeza, na ambaye siku ya siku aliharakisha kuzuia hatari mbele ya wageni. Na upande wa pili wa ukuta kuna mama mtu mzima anayekula peke yake uani. Wote wawili mna hoja. Hiyo ndiyo inayofanya jambo lako liwe gumu, maana kama mmoja wenu angekuwa mbaya, ningekujibu kwa mistari minne.

Niruhusu nikuulize. Katika barua yako yote nimetafuta mahali ulipomwambia mtu yeyote wa nyumbani kwamba majani yale hayaliwi, sijapaona. Wewe ulijua, rafiki yako aliyeleta mbegu pengine alijua. Mumeo unamfichia kwa sababu ya zawadi, hilo naelewa. Lakini mama yake, aliyekulia mahali ambapo mwanamke hodari ni yule anayejua kila jani la porini lipi ni mboga, lipi la kukausha na kusaga, lipi la kuacha, yeye aliona majani mapana, laini, yanayomwagiliwa maji ya kununua. Angefikiri ni nini kama si mboga? Inawezekana kabisa kwamba siku ile alikuwa anajaribu kuisifia bustani yako kwa njia yake, kwa kuipika mbele ya wageni. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu hujamuuliza.

Tena usimwone mshamba. Mwaka 1917, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipopungua Uingereza, watu wa kule walishauriwa kula majani ya rubabu kama mboga. Waliugua, na wapo waliokufa. Hao ni watu walioipanda rubabu miaka mingi nyuma ya nyumba zao. Na vita hiyo hiyo ndiyo iliyoileta Mtunya, ile njaa kuu ya huku Ugogo, kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua wanaume kwenda kubeba mizigo, na ukame ukamalizia kazi. Wazee wa Kongwa na Mpwapwa wa umri wa mama mkwe wako walilelewa na watu waliotoka kwenye njaa ile. Hili nakutajia kwa sababu ya ile kauli yake, "nyumba ambayo chakula hakimwagwi." Wewe umeisikia kama kinyongo. Mimi, na mimi ni mtu wa huku huku, nimeisikia tofauti kidogo.

Halafu kuna lile neno ulilopiga nalo kelele. Uliposema "sumu" ulikuwa unataja mmea. Lakini wageni wawili wamekaa, mkazamwana anatoka jikoni amebeba sufuria aliyopika mama mkwe, anapiga kelele sumu. Unajua mitaani kwetu maneno hayo yanasafiri vipi. Mzee wa kike akishatajwa pamoja na sumu, hata kwa bahati mbaya, anabaki akijiuliza watu wamesikia nini. Kwenye jumuiya wanamwonaje? Pengine hicho ndicho kinachomuuma kuliko ugali uliolala. Kama ni hivyo, maneno mtakayosemezana ninyi wawili chumbani hayatatosha, kwa sababu kina mama wale wawili bado wanatembea na hadithi yao.

Sasa tuje kwenye radhi. Umeuliza kama uombe radhi kwa kuokoa watu. Swali lenyewe ulivyolipanga halina jibu lingine ila hapana. Lakini unaweza kuligawa. Kuna kuzuia chakula kisiliwe, na kuna namna kilivyozuiwa. Unaweza kwenda kwa mama ukasimama imara kwenye la kwanza na kulainika kwenye la pili: "Mama, majani yale yangetuumiza, nilipaswa kukuambia mapema, na sikupaswa kukupigia kelele mbele ya wageni." Faida yake ni kwamba unasema kweli tupu. Hatari yake ni kwamba yeye anaweza kusikia nusu ya kwanza tu akaona umekuja kumfundisha. Wengine katika hali yako humtanguliza mtu mzima wa kati, shangazi wa mume au mama wa jumuiya anayeheshimika, na kitenge mkononi. Hiyo huwa na uzito kwa wazee wetu, lakini inakuza jambo, na wifi yako aliyekwisha kukupa maneno atataka kiti kwenye kikao. Kunyamaza nako ni njia, wapo wanaoacha siku zipite na mambo yakajipoza. Kwako naiogopa kidogo kwa sababu ya kalenda. Mvua za Dodoma zikianza Novemba mwishoni au Desemba, mama atakuwa shambani, na umbali una tabia ya kugandisha yale ambayo hayakusemwa.

Kuhusu mumeo. "Ng'oa yaishe" ni sentensi ya mtu aliyechoka. Yeye hajui majani yale yalipandwa kwa ajili yake! Anadhani mkewe na mama yake wanagombea mapambo. Unaweza kuendelea kuitunza siri hadi siku ya sahani mezani, lakini angalia gharama yake: mtu pekee anayeweza kumweleza mama yake, kwa Kigogo na kwa lugha ya mtoto kwa mzazi, hana habari. Ukimwambia, utapoteza ule mshangao uliouota. Na kuna jambo jingine nakuomba ulipime taratibu. Alipocheka jioni ile, alikuwa anaikumbuka rubabu, au alikuwa anamkumbuka kijana aliyekuwa Leeds, mwenye masomo mbele yake na kazi inayomngoja? Kama ni huyo kijana, hakuna kitindamlo kitakachomrudisha, ila mazungumzo kuhusu ule mkataba uliokwisha yanaweza kusogeza kitu. Unamjua wewe, mimi simjui.

Na rubabu yenyewe? Hapa lazima nikuambie ukweli wa shamba, usije ukaibeba vita nzito kwa ajili ya mmea ambao hautakungoja. Rubabu inataka baridi. Kule Yorkshire, Uingereza, eneo la Wakefield, Morley na Rothwell linalosifika kwa zao hili, mashina huachwa nje yapigwe sakitu kwanza, yaani umande unaoganda kwa baridi, ndipo yaingizwe kwenye mabanda ya giza yachipue, na huvunwa kwa mwanga wa mishumaa. Bila majuma kadhaa ya baridi kali, chini ya nyuzi 5 hivi, mmea haupumziki vizuri na hauamki na nguvu. Dodoma tuko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, lakini usiku wa Julai kwa wastani unaishia nyuzi 13 au 14, na Oktoba na Novemba mchana unavuka 30. Nikikisia, mimea yako sasa hivi imeinamisha majani mchana hata ukiimwagilia. Unaweza kuihamishia kwenye ndoo kubwa zenye matundu na kuiweka kivulini upande wa mashariki wa nyumba, ikapona au isipone. Unaweza kufanya wafanyavyo baadhi ya watu wa sehemu za joto kama Florida, kuihesabu kama zao la msimu mmoja: unaotesha Aprili, unavuna vikonyo vyembamba kabla ya joto, unaanza upya mwaka unaofuata. Au kama una ndugu Njombe au Makete, kule ambako sakitu huanguka Juni na Julai, ndiko kwenye nafasi nzuri zaidi. Popote itakapokuwa, nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu inahitaji uzio, na kila mtu, hata dada wa kazi, ajue linaloliwa ni kikonyo tu.

Unaogopa kwamba kuing'oa ni kukubali kushindwa. Inaweza kuonekana hivyo, hasa ukiing'oa kwa amri na kwa hasira. Ikifa yenyewe kwa jua la Novemba, nani atakuwa ameshinda?

Kuna mmea mmoja nautaja kwa sababu sikuona kwenye barua kama unaujua: choya, wengine huiita rosela. Dodoma ndiko kwake. Unapandwa na mvua, unavumilia ukame, na ua likishapukutika hubaki kile kikombe chekundu, kichachu barabara, ambacho watu hukausha kwa juisi. Kikipikwa kibichi na sukari kinakuwa laini na chekundu, na kastadi juu yake inakaa vizuri tu. Majani yake ni mboga, yana uchachu wake. Haitakuwa rubabu ya Leeds, na mumeo anaweza kuonja akasema siyo. Lakini ni mmea ambao kuuotesha ungelazimika kumuuliza mama. Kama hilo ni jema au ni mzigo, utaamua wewe.

Matango nisiyasahau, maana uliyaanza kwanza (mimi binafsi tango sili bila chumvi na pilipili, lakini hilo ni langu). Maua ya kwanza kupukutika si ugonjwa. Tango hutanguliza maua dume, hayo huanguka, kisha yanakuja majike, yenye kijitango kidogo nyuma ya ua. Majike yanahitaji nyuki asubuhi, kwa hiyo usipulize dawa saa hizo, na nyuki wakikosekana unachuma ua dume, unaondoa petali, unaligusisha kwenye la kike. Uchungu unaletwa na joto pamoja na maji ya leo yapo, kesho hayapo. Lililo chungu sana msile, litawavuruga tumbo. Mche unaozaa kwenye joto la sasa unaweza kutaka lita 2 hadi 3 kwa siku, na kiroba hukauka haraka kuliko ardhi, kwa hiyo zidisha kwa idadi ya miche yako uone tenki linasemaje. Hapo mama ana hoja ya hesabu, siyo ya chuki. Kama maji ya kununua ni ya kisima, yaonje pia, maana visima vingi vya huku vina chumvi na tango halipendi chumvi. Ungeweza kupunguza miche, kuweka kivuli chepesi mchana, na kufunika udongo kwa maganda ya karanga yazuie maji yasipotee. Maganda hayo, nadhani, unajua ni nani anayeyatupa kila baada ya mavuno.

Sijakuambia ng'oa wala using'oe, na sikwambii upige magoti wala usipige. Ningependa tu ujue, kabla mama hajafunga mzigo, kama anaondoka kwa sababu ya mvua au kwa sababu yako. Hilo hutalipata kwa mumeo wala kwa wifi.

Na hizo mbegu zilizobaki kwenye pakiti: usimgawie jirani bado. Mbegu na miche ya kutoka nje hutakiwa kuwa na kibali na cheti cha afya ya mimea, na wanaosimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Rafiki yako akitaka kukuletea nyingine, aulize huko kwanza kabla hajaziweka kwenye begi.